Nguo Nyeupe ya Mama

Makao ya Watawa, Kitulpe
3 Machi 2001

Mdogo wangu Nandawati,

Kosa wanalofanya watu wengi, nawe umelirudia katika barua yako, ni kudhani kwamba mwanamke akinyoa nywele na kuvaa joho la utawa amekata undugu. Si kweli. Nimefundisha maandiko ya Buddha ya Kipali chuo kikuu mpaka sauti ikakauka, na kazi yangu kubwa ilikuwa juu ya kanuni za watawa, kwa hiyo nisikilize. Chakula cha bakuli la sadaka hapewi mtu yeyote kabla mtawa mwenyewe hajala, isipokuwa wachache sana. Katika hao wachache wamo baba na mama. Mtawa anaweza kumlisha mama yake mgonjwa kwanza, yeye akabaki na njaa, na asiwe amevunja kitu. Basi usiniandikie tena, "Wewe ulishaondoka."

Umesema Mama aliteleza kisimani na tangu hapo haamki vizuri. Umri wake unaujua. Nataka tulizungumze la mbele kabla halijafika.

Mwaka juzi, niliporudi kutoka India na utawa kamili wa kike, nikiitwa bhikkhuni, nilipita nyumbani. Wakati wa kuondoka Mama alinisindikiza mpaka mlangoni, akapiga magoti mbele yangu kama anavyowapigia watawa wa kiume. Nilitaka kumwinua, nikakumbuka kwamba hairuhusiwi. Akanishika miguu akasema, "Lila, nikifa, ile nguo nyeupe uipokee wewe." Tulikuwa wawili tu.

Najua unaijua desturi, lakini mwalimu ndani yangu hafi: nguo ile hulazwa juu ya jeneza, ndugu huitoa kwa watawa, watawa huipokea kwa niaba ya marehemu, na thawabu humfuata alikokwenda. Anayeipokea ndiye wa mwisho kumtendea jambo. Mama alitaka awe mimi. Nenda kazungumze na Mtawa Mkuu wa hekalu letu, mapema na kwa upole, ili siku hiyo ikifika pasiwe na mshangao.

Nakutakia heri,
Bhikkhuni Uttara
(dada yako Lilavati)


Walgama
19 Machi 2001

Mheshimiwa Dada,

Sijui nikuandikie vipi. Binti yangu Chandani anasema mtawa haitwi dada. Lakini wewe umenitoa chawa kichwani, kwa hiyo nimeweka yote mawili, chagua unalolitaka.

Nilikwenda hekaluni siku ya mwezi mpevu. Mtawa Mkuu alikuwa anatafuna tambuu, ametulia. Nikapiga magoti, nikakaa chini.

"Dada yako hajambo?"

"Hajambo, Mheshimiwa."

"Bado anasoma?"

"Bado anasoma."

"Kusoma ni kuzuri. Akija kwa mama yake, aje kama mtoto wa nyumba. Mkeka upo. Lakini kiti chenye kitambaa cheupe ni cha watawa, na watawa wa kike nchi hii haina tangu enzi za wafalme."

Nikajikaza. "Lakini amenyolewa, Mheshimiwa, na joho analivaa."

Akatema tambuu pembeni. "Hata mgonjwa wa homa ya matumbo hunyolewa, Nandawati."

Watu waliokuwepo wakacheka. Na mimi nikacheka, nisikufiche. Ilinitoka.

Njiani nikakutana na Bwana Tikiri, mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Habari ilikuwa imeshamfika, sijui kwa miguu ya nani. Akaniambia, "Mama, sisi kazi yetu kuchimba, kufunga turubai na kuteka maji. Lakini penye watawa wanaogombea kiti, majembe yetu siku hiyo yatakuwa yamekatika mipini."

Ndiyo hali. Wewe utakuja na utaondoka na wanafunzi wako. Mimi ndiye nitakayebaki kuomba kaa la moto kwa jirani. Na hayo ya mlangoni, mimi sikuwepo.

Mama anakunywa uji wa mchele. Jana alikataa, leo amekunywa nusu bakuli na kulalamika kwamba chumvi haikutosha. Anayelalamika chumvi si wa kufa kesho.

Mdogo wako,
Nanda


Kitulpe
20 Aprili 2001

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka wetu mpya wa Aprili. Najua uliwasha jiko kwa saa yake na Mama alilishwa wali wa maziwa kwanza, maana wewe hukosei mambo hayo.

Sasa tuje kwa Mtawa Mkuu. Anasema ukoo wetu sisi watawa wa kike ulikatika. Ni kweli. Vita na njaa viliumaliza, kama miaka elfu iliyopita. Lakini ukoo wake yeye pia ulikatika, na zaidi ya mara moja. Wafalme wetu walituma merikebu Siam na Burma, watawa wakaletwa, vijana wa hapa wakapokea utawa upya, na hakuna aliyewaambia, "Nyinyi mmekatika, kaeni mkekani." Sisi je? Zamani sana wanawake wa kisiwa hiki walivuka bahari wakawapa wanawake wa China utawa wao. Wetu ulipozimika, wa kule ukaendelea kuwaka. Tumekwenda kuuchukua. Mtu aliyempa jirani moto, kisha wake ukazimika, akirudi kuomba kaa lake, ni mwizi?

Mweleze hivyo, polepole, kama nilivyokueleza.

Na mweleze hili pia: sitakuja kukaa mkekani. Wakinipa kiti cha mwisho kabisa, nyuma ya mtawa mdogo kuliko wote aliyevaa joho juzi, nitakaa na nitashukuru. Lakini kiwe kiti, na kiwe na kitambaa. Si kwa ajili ya makalio yangu, ambayo yamezeeka na yangependa mkeka. Hapa ninaishi na wasichana walioacha nyumba zao kwa neno langu. Mmoja, Nirodha, alikuwa muuguzi. Mchumba wake alimngoja getini mpaka mvua ikamfukuza. Nikikaa mkekani nyumbani kwa mama yangu mzazi, nani atamtandikia Nirodha kitambaa nyumbani kwa watu?

Niite ukishawaelewesha. Nitakuja siku hiyohiyo.

Bhikkhuni Uttara


Walgama
10 Mei 2001

Dada Lila,

Mama hajambo. Anakula. Usije sasa, mvua imekata barabara ya chini na basi linaishia njia panda.

Chandani alitengeneza taa za karatasi za sikukuu ya Vesak, akazitundika barazani. Mama alitazama ile ya kijani akasema imekaa kama fenesi. Binti yangu mwingine, Rohini, hakuja kutoka Colombo. Yeye na Chandani hawasemezani tangu yale mambo ya shamba la chai, na kila mmoja ananiandikia mimi kana kwamba mimi ndiye chai.

Uliniambia nimweleweshe Mtawa Mkuu. Mimi niliishia darasa la sita. Nitamwelewesha vipi mtu aliyehifadhi vitabu? Nimeona nikae kimya.

Nanda


Kitulpe
12 Juni 2001

Mdogo wangu Nanda,

Leo nakuandikia kwa furaha, na naomba umsomee Mama barua hii kwa sauti, karibu na sikio lake la kulia.

Mwishoni mwa Mei alikuja mtu hapa, miguu ina tope mpaka magotini. Anatoka Beraliya, kijiji cha watu wa ngoma. Mama yake alikuwa amefariki. Unajua habari yao: ngoma zao hupigwa hekaluni kila mwezi mpevu, lakini huhesabiwa tabaka la chini, na miguu ya watawa haifiki milangoni kwao. Alikuwa amekwenda kwenye hekalu lao akaambiwa njia ina matope.

Akaniuliza, "Mheshimiwa, njia yenu nyinyi haina matope?"

Nikamwambia, "Ni hiyohiyo."

"Basi mtakuja?"

"Tutaosha miguu tukifika."

Tulikwenda, mimi na Nirodha na mwenzake mmoja. Walikuwa wameazima viti vitatu, kila kimoja na urefu wake, wamevifunika shuka moja refu jeupe lililotoka kwenye kitanda cha mtu. Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, nikamsikia, "Hawa nao wanahesabika?" Mwenzake akamjibu, "Wewe umeona wengine?" Kisha wote wakapiga magoti. Nguo ikaletwa, tukaishika pembe, tukaipokea. Nanda, hii ni mara ya kwanza. Nimesoma juu ya jambo hili ujana wangu wote, nimeliandikia, nimetukanwa kwa ajili yake kwenye kumbi za wasomi, na lilipotokea lilitokea juu ya shuka la kulalia. Mwambie Mama mikono yangu sasa imeshajua.

Tulipokwenda, basi lilipita njia panda ya Walgama. Niliona bendera nyeupe za msiba zimepangwa barabara nzima kuelekea kwetu. Tulitakiwa tufike Beraliya kabla ya adhuhuri, maana baada ya hapo hatuli, nawe uliniandikia barabara imekatika na kuhusu kiti hukusema neno. Kwa hiyo sikushuka. Nilisoma aya ya marehemu dirishani, nikaendelea. Nani alifariki? Natumaini si yule mama mfuma mikeka.

Bhikkhuni Uttara


Walgama
30 Juni 2001

Dada Lila,

Umeuliza bendera zilikuwa za nani. Zilikuwa za Mama.

Kaa kwanza. Ukishakaa, endelea.

Alifariki Alhamisi, tarehe 24 Mei, asubuhi, nikimnywesha uji. Kijiko cha kwanza alimeza, akanitazama, cha pili hakumeza. Nilipokuandikia kwamba hajambo alikuwa hawezi kugeuka kitandani. La taa na fenesi ni kweli, alilisema. Barabara haikukatika.

Usiseme nilisahau kukuarifu. Sikusahau. Nilikaa na kalamu, nikakuona unakuja: umesimama mlangoni na wasichana wako, Mtawa Mkuu anainuka na watawa wake, Bwana Tikiri anakusanya majembe, na Mama amelala katikati ya sebule anangoja tuelewane kuhusu Siam na China. Nikaiweka kalamu chini. Tangazo la redio sikupeleka. Watu walipouliza niliwaambia uko Korea kwenye mkutano. Wakasema, "Wasomi ndivyo walivyo." Niliwaacha waseme.

Maziko yalikuwa mazuri. Chama kilifunga turubai mpaka barabarani. Majirani walileta chakula, jiko letu halikuwaka. Mtawa Mkuu aliipokea nguo, akahubiri vizuri, hakukutaja. Kisha mimi, mume wangu na Chandani tukashika birika moja, tukamimina maji kikombeni ili thawabu imfikie. Kikombe kilipofurika Chandani akaninong'oneza, "Mama Mkubwa yuko wapi?" Nikamwambia, "Shika birika."

Alikuulizia? Alikuulizia. Kila nilipoingia chumbani. Nilimwambia unakuja.

Sasa na mimi nikuulize. Tangu ateleze kisimani mpaka afe, nani alikukataza kuja kumwona? Mtu aliye hai hana nguo ya kupokelewa. Ungeingia kwa mlango wa jikoni, ukakaa kitandani kwake, ukamkanda miguu. Hakuna mtawa mkuu anayelinda kitanda cha bibi kizee. Wewe ulikuwa unangoja kiti.

Na ya mlangoni. Kwangu alisema hivi, usiku wa kuamkia mwaka mpya, nikimfunika: "Nanda, nizikwe kama baba yenu, pasiwe na maneno." Labda aliyasema yote mawili. Unakumbuka alivyokuwa anagawa vitumbua? Kila mmoja wetu alikwenda zake akidhani kapewa kikubwa.

Sadaka ya miezi mitatu ni Agosti. Nimemuuliza Mtawa Mkuu. Amesema unaweza kuja, utakaa jikoni pamoja na sisi wanawake.

Nanda


Kitulpe
15 Julai 2001

Nanda,

Barua yako niliisoma, nikampa Nirodha aisome, kwa sababu nilidhani macho yangu yamekosea tarehe. Hayakukosea.

Sikukujibu upesi. Niliandika kurasa nyingi, zote zikiwa na maelezo, nikaona zinafanana na mihadhara yangu. Hizi ni fupi.

Umeuliza kwa nini sikuja akiwa hai. Jibu refu ulishalisoma mwezi wa Aprili na bado ninalishikilia. Ningeandikiwa leo, ningelijibu hivyohivyo. Jibu fupi ni kwamba nilidhani Mama angengoja. Alikuwa amengoja siku zote: mvua, baba, matokeo yangu ya mitihani. Nilimhesabu kuwa mtu wa kungoja.

Lakini wewe usijifiche nyuma ya kiti changu. Kiti hakikuandika "Mama hajambo." Uliandika wewe, kwa mkono niliokufundisha kuandika nikiwa nimeushika.

Ungeniita, ningesimama wapi? Nimelifikiri hilo kuliko unavyodhani. Katika maziko yetu wapo wanaopokea nguo na wapo wanaomimina maji. Aliyevaa joho hamimini. Nami kwa Mtawa Mkuu si wa kupokea. Ningesimama kati ya birika na viti, mahali ambapo hakuna desturi iliyomweka mtu. Hilo ulilijua, na labda ulinionea huruma. Hukupaswa. Kusimama pale kungekuwa kubaya, lakini kungekuwa kwangu. Badala yake nilikaa upande wa dirisha, nikamsomea mama yangu aya moja, haraka, kama anavyosomewa mtu usiyemjua. Kabla basi halijafika darajani nilikuwa nimeshageuka kuwafundisha wasichana namna ya kushika pembe ya nguo ya mama wa mtu mwingine.

Agosti sitakuja. Jikoni kwetu napajua, nilikaa sana utotoni, na ningekaa tena kwa furaha kama kungekuwa jikoni tu. Lakini kesho yake Nirodha ataambiwa, "Hata mwalimu wako alikaa jikoni," na nitakuwa nimempokonya kiti kabla hajapewa. Sisi tutamtolea Mama sadaka yake Beraliya. Nimewaomba watu wa ngoma, wamekubali. Watamimina maji wao, kwa kuwa mimi siwezi. Mama yetu, ambaye maisha yake yote hakunywa maji nyumbani kwao, atamiminiwa maji na wao. Sijui kama angependa. Sikumuuliza, na sasa naona yako mengi ambayo sikumuuliza kwa sababu niliridhika na lile moja aliloniambia.

Na wewe uliridhika na lako. Aliniambia mimi peke yangu, akakuambia wewe peke yako, na kila mmoja wetu alilificha neno lake kama mali, kwa sababu lilimpendeza. Ametuacha na maneno mawili, hakuna shahidi wa hata moja, na sasa sina dada wa kumwandikia juu ya Mama bila kupima kila mstari. Usiniambie muda utaponya. Nimezeeka, muda wenyewe sina mwingi, nawe nywele zako ni nyeupe.

Rohini na Chandani hawasemezani. Sisi tulipendana kuliko wao, na tazama tulipofika.

Leo, kabla hujabandika chungu cha jioni, mpigie Rohini simu ya posta, Chandani akiwa amesimama hapohapo anasikia, na uwaambie wote wawili kwa wakati mmoja nani unataka awepo siku ya maziko yako.

Uttara